Miaka Yangu na Daktari Tallantyre

Ninyi mnaosomea uuguzi, na ninyi wengine mnaosuka nywele na kutengeneza simu huku mkisubiri makaratasi yenu yakubalike, mmeniuliza mara nyingi nilifanya kazi gani hapa Durban mpaka nikastaafu. Nikijibu kwamba nilimtumikia daktari wa jeshi la Malkia Viktoria, mnacheka, maana mnajua mtu huyo alikufa kabla babu yangu hajaoa. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimtumikia miaka mingi, na sijapata bosi niliyemheshimu kuliko yeye.

Kwetu Kalemie, Kongo, nilikuwa infirmier, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Vita ilipotufukuza, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilifika hapa na cheti cha Kifaransa ambacho hakuna aliyetaka kukisoma. Nikavaa kizibao cha kung'aa, nikawa mlinzi wa magari kwenye maegesho ya maduka kule Westville, kama Wakongo wengi wa wakati ule. Ukimwona mtu anarudi nyuma na gari lake, unampungia mkono kama vile bila wewe angegonga ukuta, halafu unangoja sarafu.

Siku moja mchana, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, Mhindi wa hapahapa, alikuwa anapakia sanduku la mbao nyuma ya gari. Mpini ukang'oka, sanduku likaanguka, vyuma vikatawanyika kwenye lami. Watu wakarudi nyuma wakidhani ni silaha. Mimi nikainama nikaanza kuokota, na kila nilichookota nikakitaja kwa Kifaransa, kama nilivyozoea kuvipanga mezani: msumeno wa mfupa, koleo la kutolea risasi, garrot ya kubana mshipa damu isimwagike.

"Umevijuaje hivi?" akaniuliza.

"Nilikuwa ninampa docteur mkononi," nikamwambia. "Ila vyetu havikuwa na mpini wa pembe ya ndovu."

Hakucheka. Alitazama jinsi nilivyoshika kisu, makali yakiwa upande wangu na mpini upande wake, akanyoosha mkono akakipokea vilevile, bila kutazama chini. Hapo nikajua na yeye amekaa miaka mingi chumba cha upasuaji. Jina lake Dokta Pillay, daktari mpasuaji aliyestaafu. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa imempa chumba kimoja ghorofa ya chini aweke vifaa vya zamani vya tiba, wanafunzi waje kuvitazama. Sanduku lile lilikuwa la Daktari Fergus Tallantyre, mpasuaji wa jeshi aliyepewa msalaba wa ushujaa wa Malkia. Alihitaji mtu wa kulitunza na kuwaonyesha wageni.

Mke wangu hakufurahi.

"Papa Riziki, kazi gani iko ile? Kupanguza misumeno ya wazungu waliokufa?"

"Waliokufa hawagombani," nikamjibu. "Wenye magari ndio wanagombana."

"Sawa. Lakini mikono unanawa kabla ya kushika mtoto."

Sasa niwafundishe kidogo, kwa kuwa siku hizi kila kitu ni cha plastiki, mnatumia mnatupa. Chuma cha zamani hakipendi maji, hakipendi jasho, na hakipendi Durban. Hewa ya bahari hapa inakula chuma hata ndani ya kabati. Unavaa glavu za pamba, unapanguza kwa kitambaa kikavu, unapaka mafuta ya cherehani, kidogo sana, kisha unapanguza tena kana kwamba umejuta. Wiki ya kwanza mafuta ya cherehani hayakuwepo, nikapaka ya kupikia. Kesho yake Dokta Pillay alifungua kabati akakuta msumeno wa Daktari Tallantyre umejaa sisimizi kutoka ncha hadi mpini. Akasema taratibu, "Kasongo, nadhani mgonjwa wetu ameoza."

Jambo jingine ni wageni. Usianze na msumeno. Ukianza na msumeno, mtu anaanguka. Na wanaoanguka si akina mama, ni wanaume wakubwa wenye shingo nene. Alikuja kijana mmoja mcheza raga, amejaa mlango mzima. Nilipoeleza namna ya kupitisha koleo kufuata njia ya risasi, alisema "eish" kwa sauti ndogo, akateleza ukutani mpaka sakafuni. Toka siku hiyo niliweka kiti karibu na kabati, na kila mwanamume mwenye shingo nene nilimkaribisha kukaa kwanza.

Mambo ya Tallantyre mwenyewe nilifundishwa na Dokta Pillay kwa vipande vipande, tukifanya kazi. Yeye hakuwa mtu wa hotuba. Alikuwa anapanguza kisu, halafu anasema, "Unajua baba yake alikuwa mshona viatu?"

Ndivyo. Baba yake alikuwa mshona viatu huko Uskoti, na mtoto alikulia chini ya meza ya kazi, ameshika uzi wa nta. Alisoma udaktari kwa msaada wa kanisa. Alipomaliza hakuwa na uwezo wa kufungua kliniki yake, akaingia jeshini. Msidhani jeshini walimheshimu. Maofisa wa enzi zile walikuwa watoto wa wenye mashamba, na daktari kwao alikuwa karibu na fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Akapelekwa India kwanza. Huko ndiko alikojifunza kunawa mikono kwa dawa kali kabla ya kumkata mtu, jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya na wazee wa kazi walilidharau. Mkuu wake alikuwa anafuta kisu kwenye soli ya buti, kisha anaendelea na mgonjwa mwingine. Alipomwona Tallantyre ananawa, akamwita dobi. Jina likamganda. Kambi nzima wakawa wanamwuliza dobi kama mashati yao yako tayari.

Hakubishana. Alinawa. Baada ya muda askari wa kawaida wakaanza kugundua kwamba waliokatwa na dobi wanarudi kula ugali wao, au mkate, sijui walikula nini. Wakawa wanaomba, ikitokea wameumia, wapelekwe kwa dobi.

Kisha akaletwa hapa Natal, wakati Waingereza walipojiandaa kupigana na ufalme wa Wazulu. Bandari yetu haikuwa hii yenye kreni na makontena. Mdomoni palikuwa na fungu la mchanga, meli kubwa zilibaki nje, na abiria walishushwa kwa kikapu mpaka kwenye mashua huku mawimbi yakipanda na kushuka. Tallantyre alishushwa hivyo, sanduku lake amelipakata kama mtoto. Mabaharia walimwambia aliweke chini, alifunge kamba, litafuata. Akakataa. Dokta Pillay alipenda sana kipande hiki. Alisema, "Nguo zake zilifuata baada ya wiki. Sanduku alitua nalo."

Msalaba aliupata kwenye kivuko cha mto. Msafara wa mikokoteni ulishambuliwa wakati nusu umevuka na nusu haujavuka. Yeye alikuwa upande salama. Waliojeruhiwa walikuwa kwenye uwazi, kati ya maji na mikokoteni, na hakuna aliyethubutu kuwafuata. Alitoka na garrot mfukoni na bandeji kifuani. Alimfunga wa kwanza pale pale alipolala, akamburuta. Akatoka tena. Safari iliyofuata mkuki ulimpasua mkono wa kushoto juu ya kiwiko. Akajifunga kwa meno, akatoka tena. Waliomwona walisema hakukimbia. Alikuwa anatembea kwa haraka ya mtu aliyechelewa kazini.

Mimi hiyo nilikuwa ninaieleza kila siku, na kila siku ilinishika. Nimekaa kwenye chumba cha upasuaji wakati risasi zinapigwa mtaani. Hata nyuma ya ukuta hakuna aliyetaka kusogelea mlango.

Baadaye sana alirudi Uskoti akafundisha wanafunzi. Kulipokuwa na vita nyingine katika nchi hii, akiwa na nywele nyeupe, aliomba kurudishwa. Akafa kambini kwa homa ya matumbo, akiuguza askari waliokufa kwa homa hiyohiyo. Lakini palikuwa na kitu kimoja ambacho Dokta Pillay hakukielewa. Baada ya kupewa msalaba, Tallantyre hakupandishwa cheo kwa miaka mingi. Wenzake walisema tu kwamba aligombana na ofisa mkuu wake jioni ya siku ile ya kivuko. Kwa sababu gani, hakuna aliyesema.

Nilikuwa nimeshazoea kazi ndipo hospitali ilipopata mkurugenzi mpya, Dokta Shezi, Mzulu, mtu mpole anayesikiliza mpaka umalize. Alikuja chumbani peke yake asubuhi moja. Akasikiliza maelezo yangu yote, akatazama nakala ya msalaba tuliyokuwa tumeitundika juu katikati, yenyewe yenye taa yake. Halafu akaniuliza:

"Kasongo, wewe umekimbia askari. Sivyo?"

"Ndiyo, dokta."

"Ukoo wa mama yangu ulikuwa ng'ambo ya mto ule. Waliokufa upande ule wametajwa wapi humu ndani?"

Nilitazama kuta, na kweli hawakuwepo.

Alimweleza Dokta Pillay bila ukali kwamba kamati ya hospitali itakaa, na yeye atapendekeza kabati la Tallantyre lifungwe, vitu vipelekwe bohari. Chumba kibaki na vifaa vya wakunga, vya chanjo, vya madaktari wetu wa hapa. Dokta Pillay alikaa kwenye kile kiti cha wanaume wenye shingo nene, akavua miwani. "Ana haki ya kuuliza," akaniambia. "Mimi mwenyewe, wakati ninasomea kazi hii, enzi za ubaguzi wa rangi, sikuruhusiwa kuingia kwa mlango wa mbele. Lakini sitaki mtu huyu akae gizani."

Siku hizo nilikuwa ninabadilisha taxi, vile vibasi vya hapa, pale kituo cha Warwick kila jioni, na nilikuwa na rafiki, bibi mmoja muuza mizizi na magome ya dawa chini ya daraja. Tulimwita Gogo MaNgcobo. Alinipa dawa ya kifua bila kuombwa, kwa kuwa alichoka kunisikia nikikohoa mbele ya biashara yake. Kizulu changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini ninyi mnaojua Kiswahili mnajua raha yake: mtu ni umuntu, maji ni amanzi, unajisikia karibu na nyumbani. Jioni ile aliniona nimenuna.

"Wamekufukuza?"

"Bado. Wanataka kumfukuza daktari wangu." Nikamweleza kwa kifupi: mzungu wa zamani, vita, kivuko. Nikataja mto.

Akaacha kufunga magome aliyokuwa anafunga. "Babu yangu aliangukia pale," akasema.

Alikuwa mtoto mdogo babu yake alipokuwa mzee sana. Jina la babu lilikuwa Bhekani Ngcobo. Kwenye mapigano yale alikuwa kijana asiyeoa. Risasi ilimwingia pajani, akashindwa kuondoka wenzake walipoondoka. Askari wakaanza kupita wakiwamaliza waliolala chini. Walipomfikia, mzungu mmoja mwenye shati limelowa damu na mkono mmoja umefungwa akaja akasimama kati yao. Babu hakujua lugha, lakini hasira aliijua. Mzungu yule aliwafokea watu wake, akapiga magoti, akaanza kumshona mbele yao. Ofisa mmoja aliyepanda farasi akaja, wakafokeana tena, na mshonaji hakusimama wala kugeuka. Aliongea akiwa anashona.

"Tunamwita uMthungi," Gogo akasema. "Kwetu nyumbani yupo kwenye hadithi. Jina lake halisi hatukulijua."

Nililifikiria neno lile ndani ya taxi njia nzima. Mthungi, mshonaji kwa Kizulu, anayetunga, kama tunavyotunga shanga kwenye uzi.

Nilipomwambia Dokta Pillay kesho yake, hakuruka kwa furaha. Mpasuaji mzuri haruki. "Madaktari walikuwa wengi vitani," akasema. "Huenda alikuwa mwingine. Aje aseme mwenyewe. Na wewe, usimwambie neno lingine lolote kuhusu Tallantyre."

Sikumwambia. Siku ya kamati Gogo alifika amevaa sare yake ya kanisa, nyeupe yote, watu wa ofisini wakasimama bila kujua kwa nini. Alisimulia kwa Kizulu, Dokta Shezi akawa anatafsiri kwa wengine. Alipomaliza, Dokta Pillay akauliza swali moja.

"Gogo, hilo kovu. Lilikuwaje?"

"Halikuwa kama la hospitali," akajibu. "Tulipokuwa watoto tulipitisha vidole. Nyuzi zilipishana, moja inakuja, moja inakwenda, shimo moja. Kama kiatu. Babu alikuwa anasema mzungu alikuwa na sindano mbili."

Dokta Pillay akaieleza kamati kwamba Tallantyre alipokuwa anafundisha, wanafunzi wake walimkumbuka kwa mshono huo: sindano mbili, uzi mmoja, kila tundu likipitwa mara mbili kutoka pande mbili. Mshono wa baba yake. Wapasuaji wachache sana waliutumia, maana ni wa polepole.

Sasa hapa sikilizeni, kwa sababu ndipo nilipojifunza kazi yangu. Dokta Shezi alimwuliza Gogo kwa heshima, "Gogo, unataka tumsifu mtu aliyekuja na jeshi lililochoma nyumba zetu?"

"Sikuja kumsifu," Gogo akasema. "Nimekuja kusema kilichotokea. Walichoma nyumba. Babu alikuwa analia akisimulia ng'ombe waliochukuliwa. Kisha anapandisha suruali, anatuonyesha paja. Yote mawili alisimulia siku moja, kwa mdomo mmoja. Ninyi mbona mnataka moja tu?"

Dokta Shezi akawatafsiria wenzake, neno kwa neno.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikumbuka wodi yetu Kalemie. Tulitolewa nje sote kwa bunduki, na tuliporuhusiwa kurudi, vitanda vya majeruhi wa upande mwingine vilikuwa vitupu, mashuka yamevutwa mpaka sakafuni. Kwa hiyo nilijua yule Mskoti alifanya nini. Kutoka kwenda mbele ya risasi ni ushujaa, na alipewa msalaba. Kusimama mbele ya watu wako mwenyewe, wenye bunduki, waliokula nawe asubuhi, hicho ni kitu kingine, na kwa hicho alipewa miaka mingi ya kubaki chini.

Kamati haikutoa uamuzi wa hadithi za watoto. Kabati lilibaki, lakini Dokta Shezi alikuwa na masharti, na yote yalikuwa mazuri. Msalaba ulishushwa kutoka ukutani ukawekwa ndani pamoja na vifaa, bila taa yake. Ukuta ulipewa kivuko chenyewe, kikielezwa kutoka kingo zote mbili, na Dokta Shezi mwenyewe alikwenda kwa wajomba zake kuulizia majina ya waliokufa. Jina la Bhekani Ngcobo liliandikwa kando ya jina la Fergus Tallantyre kwa herufi za ukubwa uleule. Nilibadilisha maelezo yangu yote. Yakawa marefu zaidi na magumu zaidi, na wageni wakawa wanakaa zaidi. Mtu akiniuliza kama Tallantyre aliwapenda Wazulu, ninasema sijui. Alikuja kupigana nao. Ninajua tu kwamba aliyeumia mbele yake alikuwa kazi yake, na hakumwachia mtu mwingine amalize kazi hiyo kwa njia nyingine.

Ndiyo maana ninawaambia ninyi mnaovaa sare nyeupe mwaka huu: mtajifunza dawa, mtajifunza mashine, na hayo yatabadilika kabla hamjazeeka. Lakini mtu akiletwa mbele yako, na wengine wanasema huyu si wa kutibiwa, ni mgeni, ni mwizi, hana karatasi, hapo ndipo utajua kama umesoma.

Jumapili moja baada ya kamati, Gogo aliniomba nifungue chumba. Nilidhani atakuja na binti yake. Zilikuja taxi nzima nzima zimekodiwa. Wakashuka watoto na wajukuu wote wa uzao wa Bhekani: wazee wenye fimbo, akina mama na watoto mgongoni, wasichana wa chuo wenye vitabu, mwanajeshi mmoja wa jeshi jipya aliyevua kofia mlangoni. Chumba kikajaa, wengine wakasimama kwenye korido na kwenye ngazi. Nilieleza kwa Kizulu changu kibovu, nao wakanisahihisha kwa upole kila sentensi ya pili.

Nilipomaliza, Gogo akauliza kama zile sindano zipo. Nikavaa glavu, nikafungua kabati, nikatoa moja iliyopinda, nikaiweka kiganjani mwake, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mgeni. Aliisogeza karibu na macho, akaigeuza kutafuta tundu la uzi. Kisha akatazama watu wake, kutoka waliokuwa mbele mpaka wale wa kwenye ngazi.

"Ni ndogo namna hii," akasema. "Na sisi wote tumepita hapa."

Akanirudishia, mpini kwanza kama ingekuwa na mpini, kwa mikono miwili. Nikaipanguza, nikaipaka mafuta, nikafunga kabati.